Nozeli za Mashine ya Uroa

Wenzangu wa barazani, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Aliyenikuta msikitini nilimweleza habari ya gari, aliyenikuta pwani nilimweleza habari ya hospitali, na wengine niliwajibu "Alhamdulillahi" nikapita. Sasa vipande vimeanza kugombana huko mlikovipeleka. Juzi nimesikia ati niliumwa na nyoka. Kwa hiyo naandika yote mara moja, toka siku niliyotoka Uroa mpaka siku niliyorudi. Niliogopa njia nzima, wala sioni haya kulisema hilo.

Uroa, kabla ya kutoka

Mashine yetu ya kusaga mnaijua. Ni injini ya dizeli ya zamani, silinda mbili, tuliyoinunua mimi na shemegi yangu Makame kwa mtu wa Mjini aliyekwisha kuichoka. Makame ni kaka yake mke wangu Mosi, na tangu siku tuliyoifunga mashine ile hatujapata kufanya kazi mmoja mbali na mwenzake.

Masika yalipoingia ilianza kutoa moshi mweusi na kugonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Nilijua ni nozeli. Nozeli, kwa asiyejua, ni mdomo mdogo wa chuma wenye vitundu vyembamba kama unywele. Pampu inasukuma mafuta kwa nguvu, nozeli inayapuliza ndani ya silinda yakiwa ukungu, na ukungu ule ndio unaoshika moto. Nozeli ikichakaa haipulizi tena. Inadondosha.

Saa tatu asubuhi nilizifungua zote mbili. Moja nikaifunga tena kwenye bomba lake, lakini ikiwa nje, inatazama hewani, ili nione inavyopuliza. Makame alishika gurudumu la injini, lile linaloendesha pampu. Mvua ilikuwa inapiga juu ya mabati hata tukawa tunapigiana kelele. Akazungusha mara mbili, nami nikaona tone linaning'inia kwenye mdomo wa nozeli. Nikanyoosha mkono nilifute.

"Usizungushe!" nikamwambia.

Mvua ikaumeza mwanzo wa neno. Yeye alisikia, "Zungusha!" Akazungusha.

Sikusikia maumivu. Nilihisi kama sisimizi kaniuma kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Tukatazama, tukaona kitone chekundu, hata damu hakikutoa. Makame akasema, "Niwie radhi, shemegi." Nikamjibu hapana neno, tukacheka, tukaendelea na kazi.

Kufika adhuhuri kidole kilikuwa kigumu, cheupe, na baridi kama samaki. Mosi akakipaka bizari na mafuta ya nazi. Alipokibonyeza, pale penye kitone pakatoka jasho dogo. Nikalinusa. Lilikuwa dizeli.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Mafuta ya mashine yalikuwa ndani ya nyama yangu.

"Nendeni Mjini," Mosi alisema, na sauti yake haikuwa ya kuomba. "Mkanunue hizo nozeli, na huo mkono ukaonwe na daktari. Vyote viwili, baba Asha. Usiniletee kimoja."

Nikasema ndiyo. Moyoni nilikubali cha kwanza tu.

Uroa mpaka Chwaka, kwa miguu

Tulitoka baada ya kusali alasiri, maji ya pwani yalipokuwa yametoka, tukafuata mchanga mgumu. Makame alichukua nozeli zote mbili za zamani zikiwa zimefungwa kitambaani, na mimi nilichukua mkono wangu, maana ulikwisha kuwa mzigo. Nilikuwa nimeufunga kwa kipande cha kanga ya Mosi na kuushikilia kifuani. Kila pigo la moyo lilikuwa linafika kidoleni na kurudi.

Makame alitembea nyuma yangu. Kila baada ya muda aliniuliza, "Unauma?"

"Kidogo."

Sikutaka kumwambia nililokuwa nikiliwaza. Mimi ni fundi, najua mafuta yakisukumwa yanakwenda mpaka yakute kizuizi. Katika bomba kizuizi kiko, nakijua, nimekifunga mwenyewe kwa spana. Katika mkono wa mtu kizuizi kiko wapi? Kwenye kifundo? Kwenye kiwiko? Nilikuwa nikijipapasa juu ya kanga, kila mara nikipandisha kidogo, kama mtu anayetafuta mwisho wa kamba gizani.

Chwaka tulifika jua linazama. Makame alikimbilia kwa Mudiri, mkuu wa wilaya, kuomba gari, akarudi mikono mitupu, Mudiri mwenyewe yuko Mjini na gari liko naye. Gari la abiria lilikuwa limeondoka asubuhi, na la kesho ni la kesho. Tukapokelewa na rafiki yake Makame, Mzee Khatibu, mtu mkarimu asiyeuliza sana.

Akatuletea sinia ya wali na changu wa kukaanga, mchuzi wa nazi pembeni. Harufu ilikuwa nzuri na njaa ninayo. Nikanyoosha mkono wa kulia, vidole havikukunjika. Nikanyoosha wa kushoto, nikaurudisha kabla haujafika. Nitaanzaje kutia mkono wa kushoto katika sinia ya mtu aliyenipokea?

Makame alifinya tonge, akaliegemezea samaki, akanipelekea mdomoni. Mzee Khatibu akageuka kutazama taa, kama kwamba utambi una kasoro.

"Kula, shemegi," Makame alisema polepole.

Nilikula matonge matatu nikasema nimeshiba. Ni mtu mzima mimi, nina mke na watoto wawili.

Chwaka mpaka Mwera

Gari la alfajiri lilikuwa lile la mbao mnalolijua, kuku chini, makumbi ya nazi juu. Nilikaa karibu na bibi mmoja wa Chwaka aliyekuwa anakwenda kwa bintiye Ng'ambo, huko Mjini. Kanga ilinilegea, akauona mkono. Kufikia hapo ulikuwa umevimba mpaka kifundoni, na kidole kimegeuka rangi ya zambarau.

"Mwanangu! Hiki nini?"

"Kitone tu, bibi. Kama sindano."

"Kitone kimoja au viwili?"

"Kimoja."

"Basi jino moja lilikosa," akasema, na hapo akapaza sauti. "Jamani, huyu kaumwa na nyoka!"

Waliokaa nyuma hawakusikia "kaumwa". Walisikia nyoka. Mtu mmoja akapanda juu ya kiti, mwengine akafungua mlango gari linakwenda, na kuku wakafunguka. Dereva akasimamisha gari, na abiria wote wakateremka kwenye matope. Utingo na wanaume watatu wakaingia na fimbo kutafuta nyoka chini ya viti. Walitafuta hasa. Makame alikuwa akienda huku na huku akisema, "Hakuna nyoka, jamani, ni mafuta ya mashine." Watu wakamtazama kama mtu aliyechanganyikiwa, maana mafuta hayaumi.

Wakati huo yule bibi alikwisha kunifunga kamba ya katani juu ya kiwiko, akaikaza kwa nguvu nisizozitarajia, akawa ananisomea. Alikuwa na huruma ya kweli, na sikuweza kumkatalia. Gari lilipoondoka tena nilikaa na kamba ile mpaka tukapita Dunga. Vidole vikawa vyeusi. Nikaona nisipoifungua nitafika bila mkono, nisipokuwa na adabu nitafika bila radhi. Mwisho nikamwambia, "Bibi, sumu ishatulia, nnaomba unifungue." Akanifungua akiwa ameridhika.

Mwera maji yalikuwa yamepita juu ya njia. Dereva alishuka, akatia fimbo, ikazama kiasi cha goti. Akasema hatoki mpaka yapungue. Tukakaa hapo toka saa mbili mpaka saa saba mchana. Wenyeji wakatuuzia mhogo wa kuchoma na pilipili. Watu walikula wakazungumza, wengine wakalala. Mimi nilikaa chini ya makuti ya banda moja, nikafungua kanga peke yangu.

Palikuwa na mstari mwekundu. Ulianzia kifundoni ukapanda kwa ndani ya mkono, mwembamba, umenyooka, mpaka katikati ya kiwiko na kwapa. Nikautia alama ya masizi pale ulipoishia. Baada ya saa moja nikatazama tena. Mstari ulikuwa umeipita alama kwa upana wa vidole viwili.

Nikafunga kanga upesi kabla Makame hajaona. Kwa nini nilimficha, sijui. Labda nilikuwa na hasira naye. Labda niliona kwamba tukiujua wawili utakuwa kweli.

Mjini, dukani kwa Bwana Kanji

Tulishuka Darajani karibu na saa nane u nusu. Makame akashika njia ya hospitali. Nikamwambia, "Dukani kwanza."

"Vuai!" Hakuwa na kawaida ya kuniita jina. "Mkono huo?"

"Duka litafungwa. Hospitali haifungwi."

Ilikuwa hoja ya kijinga, nayo ikashinda kwa sababu Makame aliona hana uso wa kubishana nami. Ukweli ni kwamba nozeli nilikuwa nazijua. Huko kwengine nilikuwa sikujui.

Bwana Kanji, wengi wenu mmenunua mikanda ya mashine kwake, ni mzee mwembamba wa Kihindi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nikampa nozeli ya zamani. Hakuipokea. Aliutazama mkono wangu ukining'inia hewani.

"Nimekukosea nini, bwana?" akauliza. "Toka lini tunapeana vitu kwa kushoto?"

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. "Niwie radhi. Wa kulia unaumwa."

Akapokea, akatia kioo chake cha kukuzia, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Akatikisa kichwa. "Nambari ya mwisho imefutika. Nnazo za namna mbili zinazoingia mahali hapa." Akaziweka mbele yetu juu ya gazeti. Mimi fundi nilizitazama nisione tofauti.

"Kwa nje ni ndugu," akasema. "Kwa ndani vitundu vyake vinatazama mbalimbali. Hii inatawanya mafuta kwa upana. Hii inayapeleka chini. Sasa niambieni, kichwani mwa pistoni yenu pana shimo. Shimo hilo pana kama kisahani, au lina kina kama kikombe?"

"Kisahani," nikasema.

"Kikombe," akasema Makame, wakati ule ule.

Tukatazamana.

"Chagueni vizuri," Bwana Kanji akasema. "Mkitia siyo, mafuta yatapiga ukuta wa silinda, au yatachoma pistoni. Itawaka, itasaga mwezi mmoja mkifurahi, kisha itakufa."

Nikamwambia Makame, kwa sauti ambayo leo naijutia, kwamba jana alisikia siyo na leo amekumbuka siyo. Nikanyanyua mkono wa kulia kumwonyesha upana wa kisahani. Kanga ikaanguka.

Bwana Kanji akaweka kioo chini. Akainama, akanusa.

"Dizeli," akasema. "Ya pampu?"

"Naam."

"Toka lini?"

"Jana. Saa tatu asubuhi."

Akaita mtu ndani kwa Kigujerati, akaanza kufunga milango ya duka, ubao mmoja mmoja. "Nozeli zitangoja. Nilimwona fundi mmoja wa meli, Mombasa. Naye alisema kama wewe, kitone tu."

"Ikawaje?" nikamwuliza.

Alitoka barabarani kuita teksi. Njia nzima nilikuwa nangoja anijibu, na alikuwa akitazama nje ya dirisha.

Wodini

Daktari alikuwa Mgoa, kijana, na Kiswahili chake kizuri. Aliusikiliza mkono kwa vidole vyake kama mtu anayechagua embe. Akauliza saa niliyoumia, Bwana Kanji akamjibu. Nilimwambia mimi, kwa haraka, kwamba maumivu ni kidogo.

"Hilo ndilo silipendi," akasema. "Tutaupasua leo hii tuyaoshe mafuta yaliyomo. Mkono nitaupigania. Kidole siwezi kukuahidi."

Nilimwomba aningoje mpaka kesho. Akaniuliza kesho kuna nini. Nilipolazwa juu ya kitanda cha magurudumu nilijaribu kusoma Yasin nikapoteza aya ya tatu, mimi niliyeihifadhi toka chuo cha Kurani. Nikawa narudia hizo mbili tu, tena na tena, mpaka dawa ya usingizi ikanichukua.

Nilipozinduka nilihesabu vidole kwa macho juu ya bendeji. Ilikuwa nene, sikuweza kujua. Nesi akaniambia mwenyewe, kwa upole, na kwa neno moja: "Kimekatwa." Nikageukia ukutani.

Siku ya tatu niliweza kusali kwa kukaa. Nilipofika tahiyatu, penye kukinyanyua kile kidole kushuhudia, nilikwama. Sikujua la kufanya. Kisha bendeji yote ikanyanyuka kidogo, sikuinyanyua kwa kukusudia, nikamaliza sala yangu nikilia.

Makame alilala kwa jamaa wa Kikwajuni, akawa anakuja kila siku na uji. Kila siku alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Mimi nilisikia zungusha." Nilijua anasema kweli. Lakini kila nikifumba macho nilikuwa naliona gurudumu likizunguka na mikono yake iko juu yake. Homa ilikuwa inakuja na kuondoka, na manesi walikuwa wakipima mstari mwekundu. Siku nne daktari hakuniambia kama mkono umesalimika.

Siku ya tano aliniambia umesalimika. Siku ya sita akaja Bwana Kanji, na chini ya kwapa ana karatasi mbili nyeupe.

"Nimezipima zile nozeli kwa pampu ya dukani," akasema. "Kila moja nimeipulizia karatasi yake. Tazameni."

Akazitandaza juu ya shuka. Moja ilikuwa na madoa manne yaliyokaa mbalimbali. Nyengine madoa manne yamekaribiana. Lakini kabla sijatazama vizuri harufu ilinifika. Nikaanza kutetemeka, meno yakagongana, na kile kidole kisichokuwapo kikauma kwenye ncha yake. Nesi akaja mbio. Bwana Kanji akazikunja karatasi akazitoa nje, akarudi akiona haya, akaniomba radhi.

"Niambieni tu," akasema. "Kisahani au kikombe?"

Nikafungua mdomo niseme kisahani. Makame akanitangulia.

"Shemegi, mara ile tulipofungua kichwa cha injini, wewe ulikuwa nje unasugua vali. Ndani nilikwangua masizi mimi. Nilikwangua kwa kijiko cha chai cha Mosi. Kilizama mpaka shingoni, kikapinda. Kisahani hakizamishi kijiko."

Kijiko kile nilikijua. Mosi alimgombeza kaka yake siku tatu, na chai yangu niliikoroga kwa kijiko kilichopinda mwaka mzima. Nikajaribu kuiona pistoni kichwani mwangu, na niliyoiona ilikuwa na kisahani kweli, lakini ilikuwa ya ile injini ya kuvuta maji niliyojifunzia kazi ujanani. Yetu sikupata kuitazama ndani hata mara moja.

Ningeiua mashine kwa uhakika wangu.

"Tupe za kikombe," nikamwambia Bwana Kanji.

Alipoondoka, Makame akainuka aende zake kama kawaida. Nikamwambia, "Kaa." Akakaa. Nikamwomba uji, akanishikia bakuli, nikanywa kwa mkono wa kushoto mbele yake bila ya kujificha.

Kurudi

Wiki ya nne wakanitoa. Barabara ilikuwa imekauka, Mwera maji yako mahali pake, na tulifika Chwaka kabla ya saa tano. Utingo alinikumbuka, akataka kujua nyoka alikuwa wa aina gani. Nikamwambia wa chuma. Naona ndiko uvumi ulikotoka.

Mosi alitupokea njiani. Hakuuliza nozeli. Aliushika mkono wangu, akaufungua, akatazama kimoja kimoja, vinne, akaufunga tena. Akatangulia kwenda nyumbani, na sikumwona uso mpaka tulipofika.

Siku mbili sikuingia bandani. Nilisema nimechoka. Makame peke yake alizifunga nozeli mpya kwenye mabomba, zikiwa nje, ili azipime kabla ya kuzirudisha mahali pake. Asubuhi ya siku ya tatu akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Siwezi kupima peke yangu," akasema. "Na mtu mwengine simtaki."

Nikaenda. Harufu ilinisimamisha kizingitini, na jasho likanitoka kama mtu wa homa. Wanawake waliokuwa wamekaa na vikapu vyao vya mtama waligeuka kunitazama. Nilimwambia Makame aweke karatasi kwenye ncha ya fimbo ndefu, mbali na nozeli. Akaichomeka fimbo ardhini, akaenda kwenye gurudumu, akalishika. Kisha akasubiri. Nilijua anasubiri neno langu, na neno halikutoka. Kila nililolifikiria niliona linaweza kusikiwa vyengine.

Basi nikaingia. Nikasimama nyuma yake, nikamwekea mkono wa kulia begani, vidole vinne, karibu na shingo, ili nikitaka asimame nimvute nisimwambie.

"Nianze?" akauliza bila ya kugeuka.

Nikambonyeza. Akazungusha.